Vancouver Imekuwa Karibu Kuliko Dar

Alhamisi, jioni. Misunkumilo.

Joto limekaa juu ya mabati tangu asubuhi na halina mpango wa kuondoka. Mawingu yanatokea upande wa ziwa, yanajikusanya, yanatutazama, halafu yanapita kwenda kunyesha kwa watu wengine. Nina hasira. Naiandika mapema ili kama umekuja hapa kutafuta maneno ya kutia moyo, ufunge ukurasa uende kwingine.

Wachache mnaonisoma mnajua kwamba mwezi uliopita nilirudi nyumbani kwa mama yangu. Kwa asiyejua: naitwa Evodia, nimeolewa Kibaoni, mume wangu Pius ana mashine ya kukoboa mpunga, na tumboni nina mimba yangu ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza haizaliwi kwa mume. Binti anarudi kwao. Siku yake ikifika mama yake ndiye anayempeleka hospitali, na akirudi mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo kwa kitenge, anamnywesha uji wa ulezi mpaka auchukie. Arobaini ikiisha anarudishwa kwa mumewe akiwa amenawiri, na wakwe wanakuja kushukuru.

Ndivyo alivyofanyiwa mama na bibi. Ndivyo walivyofanyiwa mabinti wote wa mtaa huu ninaowajua.

Kwa hiyo nilifunga mizigo yangu. Nilipanda gari Kibaoni, tukakatiza hifadhini madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbung'o, na bado waliingia, wakaniuma mapajani na mgongoni, pale mkono wa mwenye mimba usipofika. Sikulalamika. Kila nilipoumwa nilijiambia naenda kwa mama.

Nimefika kwa mama, na mama anaondoka.

Jumamosi asubuhi anapanda ndege hapa Mpanda kwenda Dar, na kutoka Dar anakwenda Vancouver, Kanada, kwa dada yangu Skola. Skola naye ana mimba. Yake inatangulia yangu kwa wiki kama nne. Na yake ni ya tatu.

Ya tatu. Nairudia kwa sababu kila ninapomwambia mtu, anaruka hapo na kunipa hongera kwamba mama yangu anapanda ndege. Juzi nilikwenda Majengo kununua pini za nepi, na mama mmoja wa kuuza vitenge, ambaye hajawahi kunisalimu kwanza, aliniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Evodia, tumesikia mama anaruka, hongereni sana." Nikamjibu ahsante. Nilitamani kumwambia aje yeye anikande.

Sasa nimuelezee huyu dada yangu, nijitahidi kuwa na haki, ingawa sina mpango wa kuwa na haki nyingi.

Skola ameondoka hapa miaka mingi, alikwenda kwa masomo, akaolewa hukohuko na kijana wa kwetu aliyekutana naye kanisani. Shemeji anaendesha malori ya masafa marefu, wiki yupo, wiki hayupo. Wana watoto wawili wa kiume ambao nawajua kwa picha. Skola ana moyo mzuri kwa namna ya watu wa mbali: anakumbuka sikukuu zote na hajui bei ya kitu chochote. Anaongea nawe kama anasoma tangazo. Huwezi kumwambia kichwa kinakuuma bila yeye kukutumia picha ya mwanamke aliyefumba macho juu ya mkeka, anavuta pumzi.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya saa kumi na nane.

Ilikuwa mwezi wa nane, nimekuja kumtembelea mama kwa siku mbili. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, sauti juu, na Skola akasema, "Mama, nimeangalia mtandaoni. Kutoka Dar mpaka huku ni kilomita elfu kumi na tano. Kwa ndege ni saa kumi na nane na kitu tu. Unalala, unaamka, umefika."

Mama akauliza, "Saa kumi na nane? Mbona basi la Dar linakula zaidi ya hapo?"

Skola akacheka sana. Na mama akacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, maana kweli basi la Dar linakula zaidi ya hapo, na ukishuka miguu imevimba huwezi kuvaa viatu.

Tangu siku hiyo mama aliwatangazia wanawake wote wa jumuiya yake ya kanisani kwamba Kanada iko karibu kuliko Dar es Salaam. Alikuwa anasema hivyo akiwa amesimama wima, mkono kiunoni, kama mtu aliyepimwa akaonekana mzima. Wenzake wakamwamini. Mmoja akauliza kama anaweza kumbebea mahindi mabichi yasiharibike njiani. Mama akamwambia ndiyo, kwa saa hizo hayaharibiki.

Na mimi akaniambia hivi: atakwenda, atamkanda Skola wiki mbili tatu mpaka apate nguvu, halafu atarudi kabla ya siku yangu kufika. Ataruka aende, ataruka tena arudi. "Ni saa kumi na nane, mwanangu. Ukianza kusikia uchungu hata nikiwa kule nitawahi."

Nilimwamini.

Hapana, niandike vizuri. Nilitaka kumwamini, kwa hiyo sikuangalia. Mimi, niliyesoma mpaka chuo, ninayeandika kwenye blogu, ninayewafundisha wanawake wa Kibaoni kutuma hela kwa simu bila kutapeliwa, sikufungua hata ukurasa mmoja. Nilibeba saa kumi na nane za Skola nikaziweka kifuani, na kila nilipoogopa usiku nilizitoa nikazitazama.

Nimeufungua ukurasa wenyewe jana. Ni tovuti moja hivi: unaandika mji huu, unaandika mji ule, inakuchorea mstari, inakupa kilomita na saa. Haikuulizi kitu kingine. Nikaandika Dar, nikaandika Vancouver, zikatoka zilezile za Skola. Halafu kwa hasira tu nikafuta Dar nikaandika Mpanda. Unajua nilichokiona? Mpanda iko karibu na Vancouver kuliko Dar. Kwa kilomita kama mia tatu hivi. Mstari unatoka hapa, unapita juu ya Burundi, unakata jangwa lote, unakwenda kuzungukia kwenye barafu za juu kabisa ya dunia, unashuka kwa dada yangu bila kugusa chini hata mara moja.

Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akanipiga teke.

Maana ndege hiyo haipo. Haijawahi kuwepo na haitakuwepo. Inayokuja Mpanda ni ile ndogo ya panga boi, yenye feni mabawani, tena si kila siku, na inampeleka mama upande wa pili kabisa, kwenda kwenye bahari. Yaani mama ataanza safari ya Vancouver kwa kuipa Vancouver mgongo. Kisha Dar asubiri. Kisha Uarabuni, asubiri tena, kwenye kiwanja ambacho ni kikubwa kuliko Mpanda yote na mama hajui kusoma ubao wa Kiingereza. Kisha ndege ndefu ya kuvuka bahari mpaka mji mwingine wa Kanada, na huko apange foleni, aulizwe amekuja kufanya nini. Kisha nyingine tena. Nimejumlisha vizuri. Ni karibu siku mbili, kama hakuna ndege iliyochelewa na kama mama hajapotea chooni.

Hiyo tovuti ni kama mtu anayepima njia ya Kibaoni kwa kuweka rula juu ya hifadhi, akasahau kwamba mle ndani kuna tembo.

Lakini siyo hilo lililonitia wazimu. Siku mbili ningevumilia. Hata angechelewa siku mbili, ningebana miguu.

Kilichonitia wazimu ni koti.

Jana hiyohiyo, jioni, Skola alipiga. Mama alikuwa bombani, nikapokea mimi. Sikumpa shikamoo, na hakugundua. Alikuwa na furaha, anaongea haraka, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Akaniambia nimwambie mama asibebe masweta mengi kwa sababu yeye ameshamnunulia koti. "Koti zuri Evo, lile la kufika magotini. Maana Januari huku ni balaa."

Nikamuuliza Januari imefanyaje.

  Akasema mtandao unasumbua na atapiga baadaye. Mtandao haukuwa unasumbua. Nilikuwa nasikia mpaka kijiko cha mtoto wake kikigonga sahani.

Mimi nategemea kujifungua katikati ya mwezi wa kumi na moja. Januari nitakuwa nimeshajifungua, nimemaliza arobaini, nimesharudi Kibaoni napepeta mchele wa watu.

Usiku sikulala vizuri, na usingizi ulinikimbia kwa sababu ya kumwonea mama huruma, ndiyo aibu yenyewe. Nilidhani amedanganywa. Nilidhani Skola amemkatia tiketi ya miezi mitatu kimyakimya, na yule mama yangu wa watu, na hesabu zake za basi, anajua anakwenda wiki tatu anarudi. Nilijipanga. Nilitunga maneno ya kumwambia taratibu asije akapandwa na presha. Niliandaa mpaka maji ya kumpa.

Leo kama saa sita nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, anapepeta ulezi wa kumpelekea Skola. Pembeni yake kulikuwa na lile begi jipya la magurudumu, limefunguliwa, ndani kuna migebuka, samaki wakavu wa Karema waliofungwa kwenye magazeti na mifuko mitatu, asali kwenye dumu dogo, na vitenge viwili vya kufungia tumbo. Viwili hivyo navijua. Vilikuwa kwenye sanduku lake tangu nikiwa shule ya msingi. Alikuwa anatuambia hivyo ni vyenu, mkizaa.

Vyote viwili vilikuwa kwenye begi.

Nikakaa kwenye kigoda kwa shida nilizonazo sasa za kukaa. "Mama, unarudi lini?"

"Si nilikwambia. Nikishamkanda dada yako."

"Dada amekununulia koti la Januari."

Akapepeta. Makapi yakaruka, akapuliza, akapepeta tena. Kuku wakasogea. Mama hakuniangalia.

"Najua," akasema.

Nikafikiri hajanielewa. Nikamweleza upya, polepole, kama nilivyopanga usiku, kwamba Januari mimi nitakuwa nimeshazaa, kwamba wamemkatia tiketi ndefu, kwamba tunaweza kupiga simu wabadilishe.

"Evodia, najua. Tiketi ni ya miezi mitatu. Skola aliniambia tangu mwanzo."

"Na zile saa kumi na nane?"

Ndipo akaweka ungo chini. "Niliona zinakutuliza," akasema.

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Zile hesabu zote za basi, kile kicheko chote, ule mkono kiunoni mbele ya wanawake wa jumuiya, vilikuwa kwa ajili yangu. Hakuna mtu aliyemdanganya mama. Mama yangu anaijua vizuri sana njia ya Vancouver. Alikwenda Dar mwezi wa saba, akaniaga kwamba anakwenda kuangaliwa macho, akarudi bila miwani, akasema daktari amemwambia macho yake hayana shida. Kumbe alikwenda kuchukuliwa alama za vidole za viza ya Kanada. Na mimi nilimshukuru Mungu kwa macho ya mama yangu, kanisani, nimesimama.

Nikamuuliza sasa mimi nitakandwa na nani.

"Nimeongea na mkweo. Anakuja kesho."

Mama mkwe. Gaudensia. Siku ya kwanza alivyoniona, siku ya kutambulishwa, watu wamejaa sebuleni, alinizunguka kwa macho akasema, "Nyonga zenyewe hizi." Anafunua masufuria ya watu bila kuuliza. Akisali, majirani wanajua dhambi zake na zako. Huyo ndiye anakuja kulala hapa, kwenye kitanda cha mama yangu, jambo ambalo kwetu halipo. Mama wa mume anakuja kwa mama wa mke na kuku wake mkononi, anakula, anashukuru, anaondoka jua likiwa bado lipo. Hawa wawili wameongea tangu mwezi wa nane, wamekubaliana, wamegawana kazi. Pius alijua. Nimempigia, akaanza na "Sasa mke wangu, sikiliza," na hapo nikakata.

Mimi tu ndiye niliyekuwa natulizwa na tovuti.

Nikamwambia mama maneno mengi. Siyaandiki yote. Nilimwambia Skola ameshazaa mara mbili na hakufa. Nilimwambia Skola ana hospitali yenye vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza. Nilimwambia mimi ndiye niliyekaa hapa baba alipoumwa, mimi ndiye niliyembeba kwenda msalani, na yeye Skola alituma picha ya shada la maua. Kwenye simu.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho ningependa kisingekuwa cha kweli.

"Alipozaa wa kwanza alinipigia analia, nikamwambia Mungu yupo. Alipozaa wa pili alilia mwezi mzima, Evodia, mpaka nikawa naogopa simu ikiita. Anasema anamwangalia mtoto na hajui afanye naye nini, na mume yuko njiani. Nikamwambia tena Mungu yupo. Sasa hivi nikimwambia hivyo mara ya tatu, hata mimi sitajiamini. Wewe una watu. Ukipiga kelele hapa, mtaa mzima unakuja na ndoo."

Ni kweli. Nakumbuka ule mwezi. Nakumbuka mama akitoka nje na simu, anarudi amefuta uso kwa kona ya kitenge. Ninaandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuelewa. Nilielewa pale pale, na bado nilitaka kuupindua ule ungo.

Kwa sababu angalia ninachoambiwa. Ninaachwa kwa kuwa sikuondoka. Kama ningekimbilia mahali penye barafu, nikaolewa na mtu asiyekuwepo, mama angepanda ndege nne kunifuata na samaki kwenye begi. Nimekaa hapa, nimemzika baba, nimeolewa mwendo wa saa chache tu kwa gari, kwa hiyo mimi ni wa kupewa Gaudensia.

Ninajua pia manesi wa kliniki wanayakataza maji ya moto sana. Mama anajua, siku hizi anayapima kwa kiwiko kwanza. Mimi sikufuata maji. Ninaogopa kuzaa. Sijamwambia mtu mwingine, ninawaambia nyie. Ninaogopa sana, na katika picha yote ya siku ile niliyojichorea kichwani, kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa hakiniogopeshi, nacho ni mikono ya mama yangu juu ya tumbo langu, mambo yakiwa yameshaisha.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Kuna habari nilikuwa naitunza. Nilipopimwa kwa ile mashine ya kuangalia tumbo niliambiwa ni mtoto wa kike. Pius anajua, hakuna mwingine. Skola ana wavulana wawili, na huyu wa tatu ameshaambiwa ni mvulana. Kwa hiyo jina la mama yangu, Leokadia, lilikuwa halina pa kukaa. Kwa kawaida ya kwao kina Pius, binti wa kwanza anachukua jina la mama wa mume, na hilo Gaudensia alishaanza kulidai kabla hata sijaonekana tumbo. Nilibishana naye Kibaoni miezi miwili. Nilinuniwa. Nilipikiwa ugali wa peke yangu. Mwishowe Pius akasimama upande wangu, tukaafikiana: akiwa wa kike, ni Leokadia.

Nilipanga kumwambia mama siku yenyewe. Anipokelee mtoto, aulize anaitwa nani, nimwambie, "Ni wewe." Mtaa mzima unamwita Mama Skola. Hata mimi nikipita wananiuliza, Mama Skola hajambo? Nilitaka awepo mtu mmoja hapa duniani wa kuitwa kwa jina lake mwenyewe, na awe ametoka kwangu.

Leo nikalitoa lile jina, nikalitumia kama fimbo.

"Ni wa kike, Mama," nikamwambia. "Nilikuwa nimeshapigana Kibaoni wakubali aitwe Leokadia. Sasa mkono utakaonikanda ndio utakaopewa jina. Ataitwa Gaudensia."

Nilimwangalia usoni wakati nasema. Nilitaka kuona.

Mama hajalia wiki hii nzima. Hakulia alipokuwa anaaga kanisani. Pale alishika ukingo wa ungo kwa mikono yote miwili, na ulezi ukamwagika upande mmoja, kuku wakauvamia na hakuwafukuza. Nilingoja aniambie nisifanye hivyo. Nilingoja anigombeze, aniite mtoto mwenye roho mbaya, aseme haendi, aseme chochote kuhusu jina.

Akasema, "Ni wa kike?"

Hivyo tu, kwa sauti ndogo, huku macho yake yako kwenye tumbo langu.

Nikainuka nikamwacha hapo.

Sasa hivi jua linaingia. Niko chumbani kwangu cha zamani, kitanda kilekile chenye chaga iliyovunjika. Tangu saa saba sijatoka. Nilimsikia akiokota ulezi kwenye vumbi. Nilimsikia akilifunga begi, akalifungua, akalifunga tena. Nimeangalia ndani ya moyo wangu kama kuna majuto. Yapo kidogo, chini kabisa, lakini hasira imeyakalia. Nilitaka aumie, na ameumia. Sijui ni nani mwingine aliyebaki wa kumuumiza.

Kesho Ijumaa anaingia Gaudensia. Keshokutwa ile ndege itapita juu ya paa hili kama inavyopita siku zote, na mama atakuwa ndani yake, pengine upande wa dirisha. Sijaamua kama nitakwenda uwanjani. Sijaamua hata hilo jina. Ningekuwa nimeamua ningekuandikia hapa kwa herufi kubwa.

Ngoja. Nasikia malapa yake kwenye korido. Amesimama. Naiona miguu yake chini ya pazia la mlango, ina vumbi la ulezi mpaka kwenye vifundo.

"Evodia, maji yako ya kuoga yameshachemka."

Hajaondoka. Amesubiri. Sasa anaita tena, taratibu, anasema tu, "Mwanangu."

Nikinyoosha mkono tu nitaligusa hilo pazia. Mpaka ninapoandika neno hili, sijaitika.